Sindano za Kichwani kwa Aliyepooza



Kutoka Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, tumeletewa swali ambalo bila shaka linazisumbua familia nyingi za ukanda wa dhahabu. Mzee amepatwa na kiharusi, upande wake wa kulia umepooza, na jamaa wameambiwa kuwa sindano za Kichina zinazochomwa kichwani zitamsimamisha. Ili kuzilipia, itabidi ng'ombe wauzwe. Je, wauze?

Tiba ya sindano ni kongwe huko China, lakini hii ya kichwani ni ya juzi tu. Daktari Jiao Shunfa wa jimbo la Shanxi aliipanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiunganisha ujuzi wa kale wa sindano na elimu ya kisasa ya ubongo. Sindano nyembamba hulazwa na kupitishwa chini ya ngozi ya kichwa, juu ya fuvu. Haiingii ubongoni kama wengi wanavyohofia. Kisha husokotwa kwa kasi, yapata mara 200 kwa dakika. Aliyepooza mkono wa kulia huchomwa kushoto, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoamrisha viungo vya kulia. Nchini kwetu madaktari wa Kichina si wageni: timu yao ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968.

Je, inafaa? Mwaka 2016 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba, ilichapisha uchambuzi wa majaribio 31 ya tiba ya sindano kwa wagonjwa 2,257 waliokwisha kuvuka siku za mwanzo za kiharusi. Dalili za nafuu zilikuwepo, na madhara makubwa hayakudhihirika. Hata hivyo, mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na dhaifu, na wachambuzi hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuifanya tiba hiyo kuwa ya kawaida kwa kila mgonjwa. Sisi tunaiweka katika daraja la kisaidizi. Anayeahidi kumsimamisha mgonjwa kwa idadi fulani ya sindano anauza asichokuwa nacho.

Ng'ombe akiuzwa, basi fedha zitangulie kwenye dawa za presha, nauli ya kliniki na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi hayo, yakirudiwa nyumbani kila siku na watoto na wajukuu, ndiyo nguzo ya kurudisha mwendo. Kikibaki kitu, na mtoa sindano akawa amesomea kazi yake na kusajiliwa, hatuoni ubaya wa kujaribu.

Lakini linalotuuma zaidi ni saa za mwanzo. Mdomo unapopinda ghafla, mkono ukalegea na maneno yakakwama, wapo wanaosema ni upepo mbaya au jini, na mgonjwa akakaa siku tatu akisomewa. Kisomo hatukikatazi, asomewe ndani ya gari akielekea hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu, tena baada ya kupigwa picha ya CT katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kwa macho hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Ndiyo maana kumpa mgonjwa aspirini nyumbani ni hatari: ikiwa mshipa umepasuka, damu itazidi kumwagika.

Kwa wachimbaji wadogo lipo jambo jingine. Kijana anayechoma zebaki akaanza kutetemeka mikono, kusahau na kuwa mkali bila sababu, huenda mvuke wake umekwisha kudhuru mishipa yake ya fahamu. Sindano ya kichwani haiitoi zebaki mwilini. Aache kwanza kuivuta, aende hospitali akapimwe, na uchomaji usifanyike jikoni wanapolala watoto.

Kabla ya kuchomwa, hakikisheni sindano ni mpya na pakiti inafunguliwa mbele yenu. Chafu huweza kuambukiza homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwarifu mtoa tiba mapema. Kwa mama zetu, kichwa hakina budi kufunuliwa, hivyo atafutwe kwanza mtabibu mwanamke. Akikosekana, fiqhi inaruhusu mwanamume aone mahali panapotibiwa kwa kadiri ya haja, na maharimu wake awepo. Na vidonge vya presha viendelee kumezwa kila siku, hata katika siku za sindano.