Video inafundisha vidole, masikio tufundishane wenyewe

UKIPITA jioni kwenye vilima vya Gashonga siku hizi, si ajabu kusikia kinanda kabla hujaiona nyumba kinakopigiwa. Ukisogea utamkuta kijana ameegemeza simu kwenye chupa ya maji, anatazama mikono ya mtu aliyeko Lagos, Kinshasa au Marekani, kisha anajaribu kuiga. Hakuandikishwa na mwalimu yeyote, wala hakulipa ada yoyote isipokuwa bando la intaneti.

Jambo hili limezua mjadala katika familia nyingi, hasa zetu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini. Wapo wazazi wanaosema simu imewateka watoto, na kwamba muziki haufundishwi na kioo. Hoja hiyo ina uzito kwa mama anayevuka mpaka alfajiri kwenda kuuza Bukavu na kurudi usiku, asijue mtoto ameshinda akitazama nini. Wapo pia vijana wanaosema mwalimu wa nini tena, kila kitu kimo kwenye simu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina ukweli, na zote mbili zimesahau kitu.

Nianze na wazazi wenzangu. Hebu tujiulize, sisi tuliozaliwa au kukulia Tanzania, Uganda, Burundi au Kongo, tulijifunzia wapi nyimbo za Kinyarwanda? Sehemu tulifundishwa na wazee kwenye harusi na misiba. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kaseti. Cécile Kayirebwa, aliyekimbilia Ubelgiji mwaka 1973, aliwafundisha kuimba watu ambao hakuwahi kuwaona, na ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona Rwanda. Kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, mstari mmoja ukarudiwa mara ishirini. Haikuwa na picha wala maelezo. Kwa hiyo anayesema mtu hawezi kujifunza muziki kutoka kwenye mashine anaikana historia yake mwenyewe.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Rusizi wana ushahidi mkubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za muziki wa Cuba zilizojulikana kama G.V. ziliingia Kongo, na vijana wa mijini wakaziiga sauti kwa sauti. Kutokana na kuiga huko ikazaliwa rumba ya Kongo, ambayo Desemba 2021 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika. Mashine ilileta mbegu, nao wakaipanda.

Hapo sasa nawageukia vijana. Hakuna hata mmoja katika wale wakongwe wa rumba aliyejifunza peke yake chumbani. Franco Luambo hakuwa ametimiza miaka 18 OK Jazz ilipoanzishwa mwaka 1956, lakini kabla ya hapo alikuwa amekaa miguuni pa Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, akaonyeshwa gita na kusahihishwa. Halafu kulikuwa na wachezaji dansi. Ukikosea mapigo, watu wanasimama au wanarudi kukaa. Hilo lilikuwa somo kali kuliko lolote la darasani.

Video haina somo hilo. Inakuonyesha lakini haikuoni, inakusemesha lakini haikusikii. Kijana anaweza kutazama somo moja miezi mitatu na gita lake halijawahi kutyuniwa sawasawa. Atapanga vidole mahali panapotakiwa, atoe sauti mbaya, aamini kwamba yeye ndiye hana kipaji. Mwingine atapiga kinanda kwa vidole vitatu tu kwa sababu kamera ya yule mwalimu haikuonyesha kidole gumba kinapitia wapi. Akishazoea, kuliondoa kosa hilo kutachukua muda mrefu kuliko ule wa kulijifunza.

Kwa waimbaji hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu koo si gita ambalo unaweza kulinunulia nyuzi nyingine. Msichana wa sauti ya pili anamwiga mwimbaji wa Marekani mwenye sauti ya juu kabisa, anakaza shingo, anapiga kelele, na Jumapili hana sauti. Koo likiuma baada ya kuimba, au sauti ikikauka, maana yake umeimba vibaya au umezidisha, pumzika. Video haitakwambia hivyo wakati wewe unaendelea kujiumiza.

Lipo tatizo jingine ambalo ni letu hasa, sisi wa mipakani. Nalikuta kwenye kwaya kila mara. Tuliosoma Tanzania na Uganda wengi tulifundishwa solfa ya herufi, d, r, m, f, ambamo "do" inahama. Popote wimbo unapoanzia makazi yake, hapo ndipo "do". Wengi waliosoma kwa Kifaransa, Kongo na Burundi, walifundishwa kwamba "do" haihami, ni funguo moja ya kinanda siku zote. Video za Kiingereza nazo zinaiita funguo hiyo C. Sasa chukua wimbo unaoanzia makazi yake kwenye funguo ambayo video ya Kiingereza inaiita G. Aliyetoka Karagwe anaiita "do". Aliyetoka Bukavu anaiita "sol". Kijana wa simu anaiita G. Funguo ni moja, majina ni matatu, na kila mmoja anadhani mwenzake hajui. Nimeona mazoezi yakivunjika kwa ugomvi wa namna hii, na watu wakaanza kurushiana maneno kuhusu nani alitoka wapi, ilhali tatizo lilikuwa ni majina tu.

Dawa yake ni rahisi. Kila kwaya iandike ubaoni majina saba ya Kiingereza na chini yake majina saba ya Kifaransa yasiyohama: C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol, A ni la, B ni si. Kisha ikubaliwe kwamba solfa ya herufi ni ya kuimbia, na yale mengine ni ya kupigia ala. Somo hilo halichukui nusu saa, na baada ya hapo kijana anaweza kutazama video ya Kinshasa na ya London bila kupotea, na mzee wa solfa hatadharauliwa.

Ugumu wa tatu ni mapigo. Nyimbo nyingi za asili za Rwanda huenda kwa mapigo matano. Masomo mengi ya video, na karibu midundo yote iliyopakiwa kwenye vinanda vya dukani, ni ya mapigo manne au matatu. Mtoto aliyelelewa na video peke yake, akiletewa wimbo wa bibi yake, ataukata pigo moja au ataongeza moja ili uingie kwenye mashine yake. Wimbo unasikika, lakini wachezaji wanakwama na wazee wanatazamana. Anayetaka kujua kama amepotea azime ule mdundo wa mashine, awaombe bibi wawili wapige makofi, afuate makofi hayo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu kuu. Tumeachia wengine kazi ya kufundisha, nasi tumebaki watazamaji. Chukua mfano wa inanga. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku mara saba, nane au zaidi. Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake, Thomas Kirusu, aliyekuwa bingwa wa ala hiyo. Ukitafuta kwenye simu utawapata Nzayisenga na Deo Munyakazi wakiipiga, na utafurahi. Lakini nyingi ya video hizo ni za jukwaani. Kamera inatazama uso na mavazi, vidole vinaonekana kwa sekunde mbili tatu. Mwanafunzi wa Gashonga atashangilia kama mtazamaji mwingine yeyote, ila hatajua uzi upi unavutwa kwanza.

Mwaka 2021 Ubelgiji iliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wetu wa asili. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, rekodi za sauti hazionyeshi mkono. Mpigaji aliyerekodiwa miaka ya 1950 hawezi tena kuulizwa alishikaje. Wazee wanaojua inanga, umuduri, iningiri na ikembe ambao bado wapo wanaweza kuulizwa leo. Kesho je? Tutakuja kuwatafuta watoto wetu walimu wa inanga Ulaya, kama tulivyozifuata rekodi zetu huko.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya shule ya muziki iliyoanzia Nyundo mwaka 2014 na baadaye kuhamia Muhanga. Shule hiyo imetoa vijana wazuri, lakini Muhanga ni mbali na Rusizi na haiwezi kupokea kila mtoto. Wengine watataja mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2016, ambao una nafasi ya muziki na sanaa. Nafasi ipo, ila mwalimu wa kawaida hakufundishwa ala yoyote, na shule nyingi hazina hata filimbi. Huko Zanzibar, chuo cha muziki wa nchi za majahazi kilichoanzishwa mwaka 2002 kiliwaweka wakongwe wa taarabu darasani kufundisha udi, qanuni na fidla, wakaheshimiwa kama walimu. Hatuna jengo kama lile Gashonga, lakini tuna simu na tuna wazee.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, vijana wasijifunze mmoja mmoja. Wanne au watano, simu moja, ala moja. Mmoja apige, wengine wasikilize na kusema walichosikia. Somo lipakuliwe mara moja Kamembe au penye mtandao mzuri, lihifadhiwe kwenye memori kadi, lichezwe kwa kasi ya nusu, sekunde kumi kumi. Kisha mjirekodi na mjisikilize. Simu iliyokufundisha ndiyo hiyo hiyo itakayokuumbua.

Pili, kila Jumamosi kikundi kikae na mtu mzima anayesikia muziki, awe mwalimu wa kwaya au mpigaji wa zamani wa bendi. Asiyejua kutumia simu hajapungukiwa kitu. Kazi yake ni kusikia kile ambacho simu haisikii.

Tatu, tuwarekodi wazee wetu wakifundisha. Kamera iwe juu ya mikono. Wimbo uchezwe polepole, kisha kwa kasi yake, na kila uzi utajwe. Maelezo yawe kwa Kinyarwanda na kurudiwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Bunge letu liliifanya rasmi mwaka 2017, ili mtu wa Uvira, Bujumbura au Kigoma naye ajifunze kwetu. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, na Januari 2024 Burundi ilipofunga tena wake, wafanyabiashara walikwama na mizigo, lakini nyimbo zilivuka. Ila mzee aombwe ruhusa na alipwe. Aliyetumia miaka arobaini kujifunza hastahili kuambulia soda.

Nne, nasema na wafanyabiashara wa mpakani, maana ala nyingi zinapitia mikononi mwenu. Kinanda chenye funguo nyembamba za kitoto msikiuze kama cha kujifunzia. Vidole vitakavyozoea hapo vitapotea kwenye kinanda cha kanisani. Cha kuanzia kiwe na funguo 61 za ukubwa kamili. Gita lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma. Mvuto wake ni mkubwa, shingo itapinda au daraja litabanduka, na mteja hatarudi. Mteja akijifunza kweli atarudi kununua nyuzi, waya na spika, na hapo faida ni yenu.

Sisi wa Gashonga tuna mfano karibu. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na kahawa iliyoletwa kupandwa pale ikachukua jina la mahali, hadi leo wataalamu wa kahawa wanaijua aina iitwayo Mibirizi. Mche ulitoka mbali sana, ukawa wetu kwa sababu watu wa hapa waliulimia na kuupalilia. Masomo ya video nayo yametoka mbali. Kabla ya msimu wa harusi ujao, kila kwaya na kila shule ya sekta yetu ingeweza kuwa imekaa na mzee mmoja na kurekodi somo moja. Kinachohitajika ni simu iliyochajiwa, mkeka, na mtu wa kwenda kubisha hodi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Gashonga, wilayani Rusizi.