Ngozi ya chura, mwiba wa nyuki na homa ya mtoto

Jioni moja baada ya kazi nilikuwa nimesimama katika duka la dawa mjini Dodoma nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka mitatu hivi, kichwa kimemlegea, macho nusu yamefumba. Mama yule aliweka noti ya shilingi elfu mbili juu ya meza akasema: "Kaka, nipe rangi mbili za pesa hii. Mtoto ana homa tangu jana."

Muuzaji hakuigusa noti ile. Alimwuliza, "Dada, mtoto amesafiri?"

"Tumerudi wiki iliyopita kutoka Bukoba, kwa bibi yake."

"Basi mpeleke akapimwe malaria kwanza. Usiku huu huu, usingoje kesho."

Mama alinung'unika kidogo, akaichukua noti yake, akaondoka kwa haraka kuelekea hospitali. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja: je, siku dawa tulizonazo zitakapokoma kufanya kazi, muuzaji mwema kama yule atamwelekeza mama huyo wapi?

SILAHA ZINAZOCHAKAA

Swali hilo si la kubuni. Wazazi wetu walitibiwa malaria kwa klorokwini, dawa chungu iliyowawasha wengi ngozi lakini ikawaponya. Vimelea vya malaria vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha, ikashika dawa ya SP. Nayo SP haikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2006 tulikwisha kuingia katika dawa ya mseto, ambayo ndiyo tunayoitegemea hadi leo. Imeitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja, ili kimelea kitakachoiponyoka moja kikutane na ya pili.

Sasa habari zinazotoka mkoani Kagera zinatutaka tuwe macho. Watafiti wa nchi yetu wamethibitisha kuwa huko kuna vimelea vilivyobadilika, ambavyo huchelewa kufa vinapokutana na artemisinini, yaani ile nusu ya mseto yenye nguvu na wepesi zaidi. Mseto bado unaponya Kagera kama unavyoponya kwingine, kwa sababu nusu yake ya pili ingali imara. Lakini mwenye nyumba aonaye ufa mmoja ukutani hangoji mpaka ukuta uanguke.

Kwa upande wa bakteria, wale viini wanaoleta kichomi, vidonda vyenye usaha na magonjwa ya njia ya mkojo, hali ni nzito zaidi. Hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa wamekwisha kuzizoea dawa.

SHANGA ZA PROTINI

Ndipo wanasayansi walipogeuka kutazama silaha za zamani kuliko hospitali zote: zile ambazo viumbe hai wamejitengenezea wenyewe. Silaha hizo huitwa peptidi. Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Ukiifananisha protini na mkufu mrefu wa shanga, basi peptidi ni kikuku kifupi chenye shanga chache, na kila shanga ni asidi amino moja.

Peptidi nyingi za namna hii huwa na chaji chanya ya umeme, na ngozi nyembamba ya bakteria huwa na chaji hasi. Vitu hivyo viwili huvutana. Peptidi hujibandika juu ya bakteria, hujipenyeza katika ngozi yake na kuitoboa, hata yaliyomo ndani yakavuja na bakteria akafa. Seli za mwili wa binadamu hazina chaji hasi ya namna ile kwa upande wa nje, kwa hiyo peptidi iliyo njema huzipita bila kuzidhuru. Aidha, ni rahisi kwa bakteria kubadili kufuli moja la mlango, lakini ni kazi kubwa kubadili kuta zote za nyumba.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1939 René Dubos, akifanya kazi New York, alipata peptidi zenye kuua bakteria kutoka kwa viini vya udongoni. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, wataalamu wa Moscow nao wakapata peptidi ya jamii hiyo, ikatumika kuponya majeraha ya askari. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, alishangaa kuona kwamba vyura wa Afrika wenye makucha, aliowapasua na kuwarudisha katika maji yasiyo safi, walipona bila vidonda vyao kuoza. Alipoichunguza ngozi yao alikuta peptidi ya shanga 23, akaiita magainini. Jamii ya vyura hao huishi hata katika madimbwi ya nchi yetu.

KWA NINI HAZIJAFIKA DUKANI

Msomaji atauliza: kama dawa hii ni njema hivyo, mbona haiuzwi? Kwanza, peptidi ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama na maharagwe. Pili, kuitengeneza ni ghali. Tatu, si kila peptidi ina huruma. Melitini, peptidi ya shanga 26 iliyo katika sumu ya nyuki, huua viini, lakini pia hupasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo sehemu kubwa ya sumu ile inayotuchoma tunapodungwa.

Dawa ya kupaka iliyotokana na magainini, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, ilikataliwa na wakaguzi wa Marekani mwaka 1999 kwa kuwa haikuonekana kuzishinda dawa zilizokuwapo. Kolistini, ambayo ni peptidi inayotumika hospitalini, huweza kuumiza figo, kwa hiyo madaktari huiweka iwe ya mwisho. Na hata hiyo, mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kuwa wamekuta bakteria wenye uwezo wa kuikinga na kupeana uwezo huo wao kwa wao, baada ya miaka mingi ya kulishwa nguruwe na mifugo mingine. Basi tusidanganyike: hakuna dawa, iwe mpya au ya kale, isiyoweza kuharibiwa na matumizi mabaya.

KAZI ILIYOFANYIKA BAGAMOYO

Pamoja na hayo, iko habari ya kutia moyo, nayo ni ya kwetu. Kama peptidi haiwezi kupita salama katika tumbo la mtu, watafiti walijiuliza, kwa nini isitengenezwe katika tumbo la mbu, mahali ambapo kimelea cha malaria hukua kabla ya kuingia kwa binadamu?

Wataalamu wa Chuo cha Imperial, London, waliwatia mbu vinasaba vya kutengeneza magainini ya chura pamoja na melitini ya nyuki. Mwaka 2022 walionyesha kwamba ndani ya mbu hao kimelea hukua polepole mno, na mbu wenyewe huishi maisha mafupi. Hivyo wengi hufa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kisha Taasisi ya Afya Ifakara, ambako kazi hiyo inaongozwa na Dkt. Dickson Lwetoijera, ikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliwatengeneza mbu wa aina hiyo hapa hapa Tanzania, katika maabara ya Bagamoyo. Waliwajaribu kwa vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wetu walioambukizwa. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2025 yalionyesha kuwa ukuaji wa vimelea hivyo ulizuiwa kwa kiasi kikubwa.

Mbu hao wamefungiwa maabarani, hawajaachiwa huru. Kabla ya hatua hiyo yapo maswali ya usalama, ya sheria na ya ridhaa ya wananchi, na ni haki yetu kuyauliza. Lakini ni jambo la fahari kwamba kazi ya kiwango hicho imefanywa katika ardhi yetu, na wataalamu wetu wakiwa mstari wa mbele.

WAJIBU WETU

Sisi wa Dodoma na nyanda za kati tunakaa katika nchi kavu yenye malaria kidogo kuliko mikoa mingi. Hiyo ni neema, lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kudhani kila homa ni malaria na kumeza mseto bila kupima, ilhali homa nyingi za hapa zina chanzo kingine. Mtego wa pili ni kusahau kwamba mtoto aliyekulia hapa hana kinga ya kutosha, na akienda likizo Bukoba, Morogoro au pwani huweza kurudi na malaria kali. Kwa hiyo homa ipimwe. Safari itajwe kwa mganga. Na dozi imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza. Rangi mbili za pesa iliyopo mfukoni si matibabu, ni shule ya kuwafundisha bakteria ukaidi.

Tena, nawasihi wapenzi wa tiba za haraka: haya niliyoyaeleza yasimfanye mtu akamenye ngozi ya chura, wala asiende kwa warina asali wa Manyoni akadungwe na nyuki ili apone malaria. Sumu ya nyuki huweza kuua.

Nilimwona tena mama yule siku kumi baadaye, sokoni Majengo. Mtoto alikuwa ameshika kipande cha muwa, amejaa utomvu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekutwa na malaria. Alipewa mseto kwa siku tatu, pamoja na chakula, akamaliza vidonge vyote. Zile rangi mbili zisingemsaidia hata chembe.

Mtoto huyo hakuponywa na chura wala nyuki, bali na dawa tuliyonayo leo, ambayo bado inafanya kazi. Wanasayansi wanahitaji miaka kadhaa kutuletea silaha mpya. Sisi tuwapatie miaka hiyo kwa kuzitunza hizi za sasa.