Umeme wa Chomboni Una Kipimo Chake

Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo chini ya milima ya Upare upande wa machweo ya jua, hukusanya maji ya mito ya Ruvu na Kikuletwa, na mitambo yake ya umeme, yenye nguvu ya megawati 8, ilianza kazi mwaka 1968. Lakini mvuvi wa Lang'ata asukumaye mtumbwi wake majini wakati wa magharibi hachukui hata chembe moja ya umeme ule. Umeme wake yeye umo katika sanduku zito aliloliweka kati ya miguu yake, yaani betri.

Twapenda leo kuzungumza juu ya sanduku hilo. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, hayastahili ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Betri moja nzuri ni jasho la majuma mengi ya uvuvi, na betri inayokwisha nguvu katikati ya bwawa usiku, upepo ukivuma na mamba wakiwamo majini, si hasara ya fedha peke yake.

Zamani taa ya mvuvi ilikuwa karabai, na kipimo chake kilikuwa wazi: mafuta yakipungua ulitikisa tangi ukasikia. Siku hizi, katika Ziwa Victoria na kwingineko, taa za LED zitumiazo betri zimechukua mahali pa karabai nyingi. Hata mvuvi wa nyavu asiyevutia samaki kwa mwanga huhitaji taa ili aonekane na wenziwe, na huhitaji simu ya kuita msaada. Na sasa inakuja mota ya umeme. Katika maji yetu ya Nyumba ya Mungu, Jipe na Kalimawe kasia na upondo ndivyo vitawalavyo bado, lakini mota hizi zinauzwa, na vijana wanaziulizia bei. Hatuzipingi. Hazinywi petroli, hazipigi kelele, wala hazimwagi mafuta majini. Tunalolipinga ni kumkabidhi mtu mota bila kumfundisha kuhesabu.

Mpare hahitaji mgeni wa kumfundisha hesabu hiyo, kwa kuwa wazee wake waliijua kabla ya kuja umeme. Katika miteremko ya Same walichimba ndiva, mabwawa madogo ya udongo ambayo hukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji hadi shambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo, inayonywesha mashamba ya Bangalala, ni mojawapo. Mwenye zamu ajua kwamba ndiva haitoi maji zaidi ya yale yaliyoingia. Ajua pia kwamba ndiva isiyozolewa tope huonekana imejaa, hali maji yake hayafiki hata nusu ya shamba. Basi betri ni ndiva, na mambo yote tutakayosema hapa chini yamo katika ndiva.

Tuchukue betri iliyoandikwa volti 12 na ampea-saa 100. Ukizidisha wapata wati-saa 1,200. Lakini ikiwa ni betri ya risasi, ile aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo mpaka leo ndiyo iliyo rahisi kupatikana dukani, haifai kuinywa yote. Ikishushwa hadi chini mara kwa mara, au ikiachwa siku nyingi bila kujazwa, utando mgumu mweupe hushika juu ya mabamba yake ya ndani, na utando huo ndio tope la ndiva. Betri huonekana imejaa upesi, kisha yaisha upesi vile vile. Kwa hiyo mwenye busara hutumia nusu tu, yaani wati-saa 600. Taa nne za wati 10 zikiwaka kwa saa 10 hula wati-saa 400. Simu ikijazwa mara moja hula kama 15. Kwa taa na simu, basi, betri hiyo yatosha usiku mzima na akiba hubaki.

Tia mota sasa, uone. Mota ndogo ya volti 12, katika zile zifungwazo nyuma ya mtumbwi, ikiendeshwa kwa nguvu zake zote yaweza kuvuta ampea 50. Nusu ya betri yetu ni ampea-saa 50. Mtoto wa darasa la nne atakwambia kwamba hiyo ni saa moja. Kwa kweli haifiki saa moja, kwa sababu ile namba 100 iliyobandikwa ubavuni kwa kawaida hupimwa kwa kuivuta betri polepole muda wa saa 20. Ikivutwa kwa nguvu, betri ya risasi hutoa pungufu ya ilivyoandikwa. Mtu aliyeambiwa dukani kwamba betri hii "ni ya 100" akadhani amepata safari ya kutwa, atakuta chombo kimesimama kabla hajaziona nyavu zake.

Tena maji hayampendi mwenye haraka. Kwa hesabu ya jumla, kuongeza mwendo wa chombo maradufu hudai nguvu karibu mara nane. Anayepunguza mwendo hadi nusu atachukua muda maradufu kufika, lakini umeme atakaoutumia kwa safari ile ile waweza kuwa kama robo tu. Si hesabu ya kuapia, maana mzigo, umbo la chombo na upepo huigeuza; lakini yatosha kumwonyesha kijana kwamba mkono wake ulio juu ya kishikio cha mota ndio unaoifungua ndiva. Na asisahau kwamba aliyekwenda na upepo mgongoni atarudi nao usoni. Theluthi ya umeme iwe ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho isiguswe mpaka chombo kikiwa mwaloni. Kasia nalo lisiachwe nyumbani kwa kisingizio cha kwamba sasa tuna mashine.

Mvuvi atajuaje kiasi kilichobaki? Voltimita ndogo ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote tulivyovitaja. Betri ya risasi iliyojaa, ikiwa imetulia saa kadhaa bila kuvutwa wala kuchajiwa, husoma volti 12.7 hivi, iliyofika nusu, 12.2, iliyo chini ya 12 imekwisha kuumia, irudishwe kwenye chaji siku ile ile. Kuisoma wakati mota inavuta, au mara tu baada ya kuitoa kwenye chaji, ni kujidanganya.

Kwa betri za lithiamu jambo hili ni gumu zaidi, na hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa kuwa ndizo zinazosifiwa sana. Aina ya lithiamu, chuma na fosfeti ni nyepesi, yaweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi bila kudhurika, na hustahimili kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa, hali ile ya risasi mara nyingi huchoka katika mamia. Bei yake ni kubwa, lakini kwa mwenye kuitunza huenda ikawa rahisi mwishowe. Hatari yake ni hii: volti zake hukaa karibu pale pale tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, kisha huanguka ghafla, na kilinzi cha kielektroniki kilichomo ndani huukata umeme wote mara moja. Taa ya karabai ilikufa polepole, na taa ya betri ya risasi hufifia kwanza. Hii haiagi. Kwa betri ya namna hiyo voltimita haitoshi. Yatakiwa mita inayohesabu ampea zilizoingia na zilizotoka.

Ndiyo sababu twasema bila kusita kwamba simu na taa zisiunganishwe na betri ya mota. Ziwe na betri yao ndogo, mbali, mahali pakavu. Mota ikikata, mtu abaki na mwanga na sauti. Aliye gizani bila mota, bila taa na bila simu kwa sababu vyote vilinyonya kisima kimoja, hana tena la kufanya ila kungoja asubuhi.

Juu ya waya tutasema machache. Waya mwembamba uliokusudiwa taa ya chumbani ukibebeshwa ampea 50 huwa moto, na sehemu ya umeme hupotea njiani. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri ya risasi ya kutia maji hutoa gesi iwakayo inapochajiwa, basi isichajiwe ndani ya nyumba walalamo watoto, wala karibu na jiko.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa kuwa si haki kumlaumu mvuvi peke yake. Wako wauzaji wanaomuuzia mtu betri ya gari kwa kazi ya usiku kucha. Betri ya gari imeundwa kuamsha injini: hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha injini huirudishia. Ukiitumia kama ndiva hufa katika miezi michache, na mvuvi huambiwa kwamba hakujua kuitunza. Muuzaji ajuaye jambo hili akanyamaza amemdhulumu mnunuzi. Shirika la Viwango lina kazi hapa, na maofisa biashara wa halmashauri pia.

Kisha kuna suala la kurudisha umeme. Tambarare ya Same, iliyo nyuma ya milima mvua isikofika vizuri, haina uhaba wa jua. Hata hivyo paneli ya wati 100 hurudisha kwa siku njema wati-saa 400 hivi, na siku ya mawingu pungufu sana. Mtu atumiaye 600 kila usiku na kurudisha 400 kila mchana yu katika deni tangu siku ya kwanza, na deni hilo halipi yeye, bali betri. Ama aongeze paneli, ama apunguze mwendo. Wengi hawafanyi lolote kati ya hayo, na baada ya miezi sita hulaani sola.

Kazi hii si lazima ifanywe na kila mtu peke yake kwenye paa la nyumba yake. Mwaka 2008 mjini Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Osram ya Ujerumani pamoja na shirika la Global Nature Fund walifungua kituo cha kuchajia taa za wavuvi kwa nguvu ya jua. Kilichotupendeza zaidi ni mpango wenyewe: kazi ya kujaza ilibaki mikononi mwa watu waliojua kupima, na mvuvi alilipia mwanga. Mpango wa namna hiyo waweza kufanywa na vikundi vyetu vya BMU, ambavyo tayari vimekabidhiwa ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika mialo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikiomba mkopo wa mota, twataka kiulizwe: mita iko wapi, chaji ni ya wapi, na nani miongoni mwenu amefundishwa? Mkopo usio na majibu hayo utalipwa kwa miaka, hali betri imekufa katika msimu mmoja.

Limebaki jambo la betri zilizokufa, nalo lahusu hata wale ambao hawatapanda mtumbwi maishani mwao. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, huchota maji yake katika Nyumba ya Mungu. Mama anayekinga ndoo mjini Same anakunywa bwawa lile lile. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Asidi iliyomwagwa ufukoni huenda na mvua ya kwanza. Betri ya risasi iliyokufa ina thamani, kwa sababu madini yake huyeyushwa na kutumiwa tena. Lakini kuipasua kwa shoka na kuiyeyusha jikoni ni kujitia sumu pamoja na majirani. Kila kituo cha kuchajia kingepasa kuwa pia mahali pa kuzipokea zilizokufa, zikiwa nzima na asidi yake ndani, na kuzipeleka kwa wenye leseni ya kazi hiyo. Mvuvi naye apunguziwe bei ya betri mpya anapoirudisha ya zamani.

Halmashauri ya Mwanga inao mwambao wa bwawa, na ya Same inao wanywaji wa maji yake. Twangoja kusikia kutoka kwa zote mbili, kabla ya bajeti ijayo, ni mwalo upi utakaoanza.