Mita ya LUKU inasingiziwa

Kompyuta inayotukanwa kuliko zote Tanzania imepigiliwa ukutani na wenye nyumba wengi hawaiiti kompyuta. Ni mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Ina makosa yake, lakini si haya inayotajiwa kila siku.

Eti inakula hela. Mita haijui hela. Zile tarakimu 20 za tokeni ni ujumbe uliofungwa kwa fumbo, na ndani yake mna uniti, si shilingi. Hesabu imeshamalizika kwenye seva kabla simu yako haijalia: bei ya kundi lako, VAT, tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati), na tangu 2021 kodi ya jengo. Ndiyo maana manunuzi ya kwanza ya mwezi huleta uniti pungufu. Mwenye ugomvi aanze na risiti.

Eti inakimbia usiku watu wamelala. Hili linapimika. Usoni mwa mita kuna kitaa kinachopepesa, na jirani yake pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Kikiwa cha mara 1,000, pasi ya wati 1,000 itakipepesa kila sekunde tatu na nusu hivi. Sasa zima swichi kuu, utazame. Kikitulia, mshukiwa yumo ndani, pengine friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliolegea. Kikiendelea, kuna waya unaovuja, au kishoka, fundi asiye rasmi, amemuunganishia mtu umeme kabla ya swichi yako.

Eti tokeni ya jirani inaweza kuingia kwako. Haiingii, kila mita ina ufunguo wake.

Eti TANESCO, shirika la umeme, huichezea kwa mbali. Mita ya kawaida haina mtandao. Kinachoingia hupitia vidole vyako. Ushahidi ni wa 2024. Kila tokeni hubeba muhuri wa wakati, dakika ambazo hadi wakati huo zilihesabiwa tangu 1993, ili isitumike mara mbili. Nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba, duniani kote, na baada ya hapo mita zingekataa tokeni mpya. Dawa ikawa wateja wenyewe kubonyeza tokeni za ziada, tarakimu 20 mara mbili, kabla ya ile waliyonunua. Mwenye uwezo wa kuigusa mita akiwa ofisini asingewabebesha watu kazi hiyo.

Mita janja, zinazowasiliana na ofisi, ni kesi nyingine. Hizo zinaweza kueleza saa unazolala na saa unazopika, na swali la nani anayesoma taarifa hizo ni halali kabisa.