Nyimbo Saba za 2020 na Maneno Ziliyotuachia

Desemba imefika, na kila Desemba safu hii huweka pembeni mambo ya viza, skuli na mapishi, tukahesabu nyimbo za mwaka. Kawaida huwa kumi. Mara hii ni saba, na zimechaguliwa kwa kipimo kipya.

Wanamuziki hawakulala mwaka huu. Tuliolazwa ni sisi wasikilizaji. Hapa Oman mwaka ulianza kwa msiba, Sultan Qaboos alipofariki tarehe 10 Januari. Mwezi wa Machi ndege za abiria zikasimama, Aprili mkoa wa Muscat ukafungwa, na harusi zikaondoka kabisa. Kwa wanawake wa Mawaleh harusi ndiyo redio yetu. Wimbo mpya kutoka Dar au Nairobi tunausikia kwanza ukumbini, tunaucheza, halafu ndiyo tunauliza jina lake. Mwaka huu hakuna ukumbi. Palikuwa na sebule moja, televisheni moja, mama yangu mwenye miaka 74, na wanangu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 9, ambao Bibi akiwasemesha Kiswahili humjibu Kiarabu.

Basi tukatunga sheria. Anayetaka wimbo wake upigwe sebuleni, kwanza amweleze Bibi maana ya jina la wimbo, na amweleze kwa Kiswahili. Akishindwa, Bibi ndiye anayeeleza, na wimbo unasubiri mpaka maelezo yaeleweke. Kwa hiyo orodha hii haikufuata idadi ya watazamaji wa YouTube. Imefuata suali moja: wimbo uliingiza neno gani nyumbani, na neno hilo lilibaki? Ndiyo maana "Jerusalema" ya Master KG haimo, ingawa tuliicheza mpaka jirani akagonga ukuta.

7. "Waah!" – Diamond Platnumz na Koffi Olomide

Huu ndio mchanga kuliko zote, umetoka tarehe 30 Novemba. Mume wangu, ambaye hachezi hata harusi ya ndugu yake, aliposikia gitaa aliinuka kitini. Koffi ni wa ujana wetu, wa miaka ya tisini, wakati wa "Loi". Diamond amezaliwa 1989, kwa hiyo wakati huo alikuwa mtoto kama wanangu walivyo sasa. Kuwasikia pamoja ni kama kuona baba na mtoto wamevaa kanzu za kitambaa kimoja.

Neno lenyewe halina kazi kubwa, ni mshangao tu. Lakini Bibi alisema kama ni mishangao, yeye anayo zaidi, akaanza kuwahesabia: lo, ala, ebo, masalale, yarabi. Sasa mdogo akiona bao kwenye mpira hupiga "masalale!" na sisi tunacheka.

Nimeuweka wa saba kwa sababu binti yangu aliuliza Koffi ni nani, na nilimweleza yote. Nilimwambia ni fundi mkubwa wa rumba. Nilimwambia pia kwamba mwaka 2016 alirudishwa kutoka Nairobi baada ya kuonekana kwenye video akimpiga teke mwanamke wa kundi lake uwanja wa ndege. Mguu unacheza, moyo unasita, na mtoto wa kike ana haki ya kujua vyote viwili.

6. "Utawezana" – Femi One na Mejja

Wakenya hawa walituokoa mwezi wa Aprili. Watu waliofungiwa ndani, Nairobi na kwengine, walikuwa wakijirikodi wanaucheza jikoni na ngazini. Umejaa Sheng, na si kila mstari ni wa kupigwa mbele ya Bibi, kwa hiyo kwetu ulipigwa kiitikio tu.

Lakini jina lake ni somo zima la sarufi. Kuweza tunakujua. Weka "na" mwishoni upate kuwezana, kama kupenda na kupendana, kuona na kuonana. Wiki ile ile mdogo alimtisha dada yake kwa kusema "hutaniwezana". Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Hutaniweza, au hutawezana nami. Chagua moja, mjukuu wangu." Mtoto akachagua, na tangu siku hiyo hakosei.

5. "Dodo" – Alikiba

Alikiba hahitaji kupiga kelele. Sauti yake inaingia kama mtu anayevua viatu mlangoni. Wimbo huu ulitoka Aprili vilevile, na kwetu ukangoja mpaka Idi, maana Ramadhani ilikuwa imetufika na nyumbani hatupigi muziki mwezi huo.

Hapa watoto walikwama. Dodo ni nini? Mawaleh wakati huo tulikuwa na soko kubwa la mboga na matunda, na embe zilikuja kutoka India, Pakistan na Yemen, lakini hapakuwa na sanduku lililoandikwa dodo. Bibi akaeleza kwamba embe zina majina kama watu. Dodo ni kubwa na tamu, boribo lina harufu yake, sindano ni jembamba, na shomari usilidharau. Kisha akawaambia kuwa amba la Kiarabu cha Oman na embe la Kiswahili ni ndugu, maneno yote mawili yamevuka bahari kutoka India. Binti akaandika majina yote kwenye simu yake. Alitaka ayajue kabla hajafika Unguja na kuonekana mgeni.

4. "Suzanna" – Sauti Sol

Umetoka Februari, na Juni ukaingia kwenye albamu yao ya Midnight Train. Ni habari ya binti aliyebadilishwa na maisha ya kujionesha, na video yake imevishwa mavazi ya zamani, ya wakati ambao Bibi alikuwa msichana. Aliitazama mara tatu. Ya kwanza alitazama nguo, ya pili alitazama nywele, ya tatu ndiyo akasikiliza.

Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hiyo haimo kwenye wimbo, imetoka kwake. Mdogo akauliza suali ambalo wengi wenu mnaulizwa na watoto wenu kila siku: "Bibi, asili yetu sisi ni wapi?" Bibi akamhesabia. Babu wa babu yake aliondoka Ibra, yeye mwenyewe amezaliwa Unguja, na huyu mwenye kuuliza amezaliwa hapa Muscat. "Zote zako," akamwambia. "Usiache hata moja."

3. "Haijakaa Sawa" – Mbosso

Mbosso, kijana wa Kibiti tuliyemjua tangu Yamoto Band, huimba kama mtu anayelalamika kwa adabu. Sauti inapanda kidogo, halafu inaomba radhi. Ni muziki wa kusikiliza usiku, gari ikiwa imeegeshwa na hakuna pa kwenda.

Jina la wimbo limekuwa msemo wa nyumba nzima. Chumvi ikizidi, haijakaa sawa. Intaneti ikikatika katikati ya somo la skuli, haijakaa sawa. Kuna siri ndogo ndani ya ile "ja". Haikukaa maana yake mambo yamekwisha. Haijakaa maana yake bado, inaweza kukaa kesho. Nilimweleza hivyo binti yangu usiku mmoja alipokuwa analia kwa sababu miezi minne hajaonana na rafiki zake. Hatujaonana, nikamwambia, si hatukuonana. Akafuta machozi, akasema Kiswahili kina subira.

2. "Litawachoma" – Zuchu na Diamond Platnumz

Kama mwaka huu una mwenyewe, basi ni Zuchu. Alitambulishwa Wasafi mwezi wa Aprili, na EP yake ya nyimbo saba, akatoa na Diamond "Cheche", kisha huu. Waliozoea taarabu walitabasamu mara tu waliposoma jina. Litawachoma akina nani? Hawatajwi. Hayo ndiyo mafumbo: unatupa jiwe gizani na kusubiri nani atalia.

Binti yangu alilichana neno hili kwenye karatasi. Li, ta, wa, choma. "Li" ni hilo jambo au hilo penzi, "ta" ni wakati ujao, "wa" ni wao wasiotajwa, na "choma" ni kazi yenyewe. Kisha akaweka chini yake Kiarabu cha skuli, sayahriquhum, akaona kwamba nacho kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Tofauti ni kwamba Kiarabu kinawaweka hao "wao" mwishoni, na Kiswahili kinawaficha katikati. Alifurahi kama aliyegundua mlango wa siri baina ya vyumba viwili vya nyumba yake mwenyewe. Mwalimu gani wa intaneti angempa furaha hiyo?

1. "Mauzauza" – Zuchu na Khadija Kopa

Huu umo katika EP ile ya Aprili. Binti anaimba na mama yake mzazi, na mama huyo ni Khadija Kopa, aliyeimba Culture Musical Club pale Unguja kabla ya kuhamia TOT na kutikisa Bara nzima kwa mipasho. Zuchu ana sauti nyepesi ya siku hizi. Kisha anaingia mama yake, na ghafla chumba kinakuwa kidogo.

Juni mama yangu alifiwa na mdogo wake huko Unguja. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Mazishi tuliyafuata kwa simu, picha inakatika na kurudi, na mama amekaa na tasbihi yake akiuliza kila mara, "Wamefika? Wameshamaliza?" Wengi wenu mwaka huu mmezika hivyo hivyo, najua, kwa barua zenu.

Muziki ulikaa kimya nyumbani wiki nyingi. Marehemu ndiye aliyekuwa akituletea kanda. Sisi tulikuwa Muscat, yeye amebaki nyumbani, na kila msafiri aliyetoka Unguja alipewa kanda mbili tatu za Culture azifiche baina ya nguo na karafuu. Sauti ya Khadija Kopa niliijua kwa njia hiyo, kabla sijaujua uso wake.

Ilikuwa Agosti Bibi mwenyewe aliposema, "Nipigieni ule wa yule mtoto wa Khadija." Watoto wakakumbuka sheria, wakamuuliza yeye: mauzauza ni nini? Akawaambia ni mambo ya ajabu yanayokutokea mbele ya macho usiweze kuyaeleza, kama mtu uliyeona kakaa pale, ukigeuka hayupo. Hakuna aliyesema kitu. Kisha Khadija Kopa akaanza kuimba, na Bibi akaanza kuwasimulia habari za mdogo wake: alivyojifunga kanga, alivyotunza waimbaji, alivyorudi usiku viatu mkononi. Alisimulia saa nzima kwa Kiswahili, na watoto waliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu hawakutaka akatike.

Ndiyo maana huu ni wa kwanza. Nyimbo nyengine zilituletea neno moja moja. Huu ulitufungulia mtu mzima, ambaye wanangu wasingemjua.

Msingoje mwaka mwengine wa kufungiwa ndani ndipo mjaribu sheria hii. Kwa wanafunzi mliopanga vyumba peke yenu, piga simu nyumbani, mwambie mama au bibi jina la wimbo unaoupenda, muulize maana yake, kisha nyamaza umsikilize. Kwa wazazi, msiwacheke watoto wakikosea ngeli. Mtoto aliyechekwa hurudi kwenye Kiarabu au Kiingereza, na humlaumu nani?

Sasa zamu yenu. Niandikieni wimbo mmoja wa mwaka huu na neno moja uliloliacha nyumbani kwenu, nitayakusanya kwa safu ya Januari. Bibi ameomba barua zenu asomewe kwa sauti, na wasomaji watakuwa wajukuu wake.