Wao waende Beijing, wewe nenda gesti ya mto Li

Kijana, ukisikia neno gesti najua akili yako inapokwenda. Inakwenda Manzese, inakwenda Buguruni: chumba cha mlango wa hardibodi, neti yenye matundu, feni inayolia kama baiskeli ya muuza maji, na mhudumu anayekutazama kwa jicho la pembeni kana kwamba umeiba. Hiyo iweke kando kidogo. Kuna gesti nyingine nataka uijue, iko China, mkoa wa Guangxi, kando ya mto, mahali ambapo ikifika saa tatu usiku unachosikia ni vyura na maji basi. Na sikuelekezi huko kwa ajili ya starehe. Nakuelekeza kwa sababu kuna uongo unauzwa hapa mjini kwa bei ya jumla, na dawa yake iko kwenye hiyo gesti.

Uongo wenyewe unaujua kwa moyo. Kila tukitamka Katiba mpya, kila tukitamka tume huru ya uchaguzi, anasimama mheshimiwa mmoja aliyeshiba na kusema: mnahangaika na vyama vingi vya nini, hamuioni China? Chama kimoja, hakuna kelele, na maendeleo yanaonekana kwa macho! Watu wanapiga makofi. Februari 2022 kule Kibaha kilizinduliwa chuo cha uongozi kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere, kimejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, kwa ajili ya makada wa vyama 6 vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo. Halikuwa jambo la siri, walilitangaza wenyewe. Na makada wengine wanapandishwa ndege mpaka Beijing kuonyeshwa majumba na barabara. Wakirudi wana suti mpya na msamiati mpya. Lakini niambie, ni kada gani amerudi akakusimulia habari za mkulima wa kule na nyumba yake? Hayupo. Haiwafai.

Na sisi wenyewe wa Kariakoo tuna lawama. Guangzhou tunakwenda kama wengine wanavyokwenda Mbagala. Tunaijua Xiaobei kona kwa kona, tunajua duka lipi lina simu na lipi lina mabegi, tunakula wali wa Kiafrika, tunafungasha mzigo, tunarudi. Mtu ana mihuri 15 ya China kwenye pasi na China hajaiona. Safari ijayo, mzigo ukishaingia ghala, usikae hotelini kuhesabu dari. Nenda stesheni ya Guangzhou Kusini, panda treni ya mwendo kasi inayokwenda upande wa Guilin. Njia hiyo ilifunguliwa Desemba 2014. Kwa saa mbili na ushei umeshuka kituo cha Yangshuo, ambacho kwa kweli hakiko Yangshuo mjini bali jirani na mji mdogo wa Xingping, kwa hiyo wenye teksi watakusumbua, zoea.

Kabla hujafika tayari picha ya mahali penyewe unayo mfukoni. Chukua noti ya yuan 20, igeuze nyuma. Ile milima iliyochongoka kama vichuguu vikubwa, na mto unaopita katikati, ndiyo Li pale Xingping. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka mpaka yakabaki yale tu yaliyokataa kuliwa. Wachina wenyewe wanapanga foleni kupiga picha wameshika noti mbele ya mlima wa noti. Waache. Kelele hizo zisikutie wasiwasi, na wala usilale mtaa wa Xijie kule Yangshuo mjini, maana huko ni muziki na taa usiku kucha, utadhani uko Sinza. Toka nje. Fuata mto mdogo wa Yulong unaomwaga maji kwenye Li. Huko ndiko ziliko gesti ninazokuambia.

Wao wanaziita minsu. Ni nyumba ya mkulima. Ghorofa 2 au 3, chini kuna meza ya duara ya kulia chakula, juu kuna vyumba, nje kuna baraza na nyuma yake mpunga au miti ya michungwa midogo ile unayoila na maganda yake. Asubuhi utapewa mchele uliofanywa tambi, umewekewa karanga na pilipili na vipande vya nyama (uliza kwanza nyama gani, kama una dini yako, kwa sababu kule nguruwe ni jambo la kawaida na hawatakuambia usipouliza). Jioni samaki wa mtoni aliyepikwa kwa bia na nyanya, ndicho chakula chao cha kujivunia. Chupa ya chai ya maji moto haikauki. Kitanda kigumu. Mtoni wanapita watu na vihori vya mianzi vinavyosukumwa kwa upondo, bila injini. Kule Li yenyewe vihori vingi siku hizi ni mabomba ya plastiki yenye mashine, vinakoroma, ndiyo maana nasema nenda Yulong.

Sasa kaa barazani, kunywa chai, na ujiulize swali ambalo kada wetu hakuuliza: huyu mama mwenye gesti aliipataje?

Hakupewa na mjomba wizarani. Hakuzungushwa miaka 7 ofisi ya ardhi. Ardhi ya vijijini China si mali ya mtu binafsi, ni ya kijiji kwa pamoja, lakini kila kaya ya kijiji ina haki ya kiwanja cha kujenga nyumba yake, na nyumba iliyojengwa hapo ni ya kaya. Mtu wa mjini, hata awe na fedha za kujaza treni, haruhusiwi kuja kununua kiwanja kile. Anachoweza ni kukodi, na sheria inasema mkataba wa kukodi hauzidi miaka 20. Kwa hiyo tajiri kutoka Shanghai akiipenda nyumba ya mkulima wa Yulong, anaikodi, anaitengeneza, anaweka vioo na bafu la kisasa, anafanya biashara yake, na muda ukiisha nyumba inarudi kwa mwenyewe. Mkulima ndiye mwenye nyumba, tajiri ndiye mpangaji. Hebu rudia sentensi hiyo polepole, halafu fikiria fukwe zetu, fikiria maeneo ya kandokando ya hifadhi, fikiria ni nani pale mwenye nyumba na nani amebaki mlinzi wa geti.

Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni wala haikutoka kwenye hekima ya chama. Hapa ndipo pana utamu, na hapa ndipo waheshimiwa wanaporuka ukurasa. Mwaka 1958 chama hichohicho kiliwakusanya wakulima kwenye makomuni, mashamba yakawa ya wote, majiko yakawa ya wote, na kwa miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walikufa kwa njaa huku makada wakiandika taarifa za mavuno makubwa. Mageuzi yalianzia chini. Desemba 1978, katika kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakulima 18 walikutana usiku kwa siri wakagawana mashamba, kila kaya ilime chake. Waliweka dole gumba kwenye karatasi, na wakaapizana kwamba viongozi wao wakikamatwa, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Unaelewa maana yake? Walitegemea jela! Walikuwa wanavunja sheria ya chama tawala. Mavuno yalipokuja makubwa, chama kikaona aibu, kikakubali, kikaeneza nchi nzima, na leo kinaisimulia habari hiyo kama yake. Baadaye, Januari 2006, kodi ya kilimo nayo ikafutwa nchi nzima. Hakuna geti la kamba na kijana mwenye risiti anayemsubiri mama mwenye kikapu.

Kwa hiyo mheshimiwa akikuambia China imeendelea kwa sababu ya chama kimoja, mjibu kwa adabu: Shikamoo mzee, China ilianza kushiba siku chama kilipotoa mguu kwenye shingo ya mkulima. Sisi nasi tulihamishwa kwa operesheni za miaka ya 1970, tunaijua harufu ya kuamriwa mahali pa kulima. Tofauti ni kwamba hapa mageuzi yalipokuja, walioyawahi ni wakubwa. Mwaka 1991 kule Zanzibar walijifungulia wenyewe milango ya biashara, mkulima akabaki anasubiri pembejeo.

Lakini nisije nikageuka kada wa aina nyingine nikakuuzia gesti kama pepo. Ukimya ule wa Yulong una bei yake. Tembea kijijini mchana utaona nini? Wazee. Bibi anaanika pilipili, babu anavuta sigara na nyati wake, mtoto wa miaka 6 anacheza na simu. Vijana wako wapi, watu wa umri wako? Wako Guangzhou na Shenzhen, wanakushonea hiyo suruali uliyovaa. Watu waliotoka vijijini kwenda kufanya vibarua China ni karibu milioni 300. Na wanabanwa na kitu kinaitwa hukou, uandikishaji wa kaya uliowekwa 1958, unaomfanya mtu wa kijijini abaki wa kijijini kwenye karatasi hata akiishi mjini miaka 20. Shule ya serikali kwa mwanawe ni kasheshe, matibabu kasheshe. Ndiyo maana mtoto anaachwa kwa bibi. Utulivu unaoulipia ni wa nyumba zilizokimbiwa na vijana. Wapo wachache waliorudi, wakachukua akiba ya kiwandani wakatengeneza nyumba ya baba iwe gesti, na hao ndio wenye mengi ya kusema kama mnaelewana lugha. Tumia simu kutafsiri.

Na simu yenyewe, jiandae. WhatsApp haifunguki. Google haifunguki. X haifunguki. Hayo nayo ni maendeleo ya chama kimoja, na wanafunzi wao hapa nyumbani wameelewa somo vizuri kabisa: X ilifungwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima. Katika vitu vyote vya kuiga kutoka China, treni, barabara, haki ya kiwanja cha mkulima, walianza na swichi.

Ukifika gesti, mama atachukua pasi yako, ataipiga picha, ataipeleka polisi, maana sheria inataka kila mgeni aandikishwe ndani ya saa 24. Usimkasirikie, anatimiza amri. Usisahau pia Aprili 2020, wakati wa corona, Waafrika walitolewa mahotelini na kwenye nyumba za kupanga kule Guangzhou wakalala barabarani, wenye pasi halali na kodi waliyokwisha lipa. Kulikuwa na Wachina waliowapelekea chakula, lazima niseme hilo, lakini hakukuwa na mtu wa kumpigia kura wala wa kumnyima kura kwa lile lililotendeka.

Na huyo mama mwenye gesti, je, yuko salama? Sikiliza ya Dali, mkoa wa Yunnan. Kuna ziwa linaitwa Erhai, kandokando yake wananchi walijenga gesti na migahawa kwa miaka, serikali ya mkoa ikisifu utalii. Maji yakachafuka, kweli yalichafuka, mwani ukajaa. Mwishoni mwa Machi 2017 likatoka tangazo, na kabla ya katikati ya Aprili gesti na migahawa zaidi ya 1,000 ya ukanda ule ilikuwa imefungwa. Siku kumi hivi! Wengi walikuwa na mikopo, wengi walikuwa wamekodi kwa mikataba ile ya miaka. Nyingine baadaye zilibomolewa. Wewe wa Bonde la Msimbazi uliyeamka Desemba 2015 ukakuta X nyekundu ukutani, huhitaji mkalimani hapo. Ziwa lilihitaji kusafishwa, sibishi. Ninachouliza ni nani aliketi upande wa wenye gesti wakati uamuzi unafanywa, wakili gani, diwani gani, gazeti gani. Kwa sababu haki ya kiwanja bila mdomo wa kuitetea ni mkataba ambao upande mmoja unaweza kuuchana.

Basi ukienda, nenda Machi au Novemba. Epuka wiki ya Oktoba 1, sikukuu yao ya taifa, bei za vyumba zinapaa na vihori vinagongana mtoni. Beba pesa za noti kidogo japokuwa kila mtu analipa kwa simu. Tangu 2023 hata kadi ya mgeni unaweza kuiunganisha na Alipay au Weixin. Mwambie mama akuonyeshe karatasi ya kiwanja chake. Ipige picha akikuruhusu. Ukirudi, usiipeleke kwenye semina ya Kibaha, ilete kijiweni, tuisome wote, na awepo mmoja anayejua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 atueleze ya kwetu inasemaje, na bibi yako kijijini anayo au hana.