Sakafu ya Zege katika Nyumba Kuukuu

Katika vijiji vingi vya Uganda zingali nyumba za miti na udongo ambazo sakafu yake ni ardhi tupu, iliyoshindiliwa na kupakwa samadi. Nyumba hizo si za kudharauliwa, kwani nyingine zimelea vizazi vitatu. Lakini vumbi lake ndilo makao ya funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kusini akashukia pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha alikuwa amekwisha kuenea barani katika nyayo za wapagazi na askari. Jike aliyejichimbia mguuni huangusha mayai, mayai huanguliwa vumbini, na mtoto alalaye chini huingiwa tena na tena. Kutibu miguu peke yake hakutoshi ikiwa sakafu inaendelea kuzaa.

Kwa hiyo askari apatapo likizo akanunua saruji kwa ajili ya nyumba ya wazazi wake, hutenda jambo la maana. Ila zege likimwagwa ovyo laweza kuibomoa nyumba ile ile.

Kuta za nyumba kuukuu aghalabu hazina msingi wa mawe. Anayechimba chini ukutani huondoa kile kinachoushikilia. Yafaa kuchimba kidogo tu, kiasi cha kuondoa udongo mlegevu na mizizi, kisha kuipandisha sakafu iwe juu ya ardhi ya nje, kadiri urefu wa mlango unavyoruhusu.

Tena kuna unyevu. Sakafu ya udongo huuachia unyevu wa ardhini utoke chumbani kidogo kidogo, pasipo mtu kutambua. Zege likishaifunika ardhi, unyevu hutafuta njia nyingine, nayo ni ukuta. Ndiyo sababu baadhi ya watu hushangaa kuona sakafu mpya inang'aa huku ukuta unamomonyoka kwa chini. Basi kazi ianzie nje: mtaro wa kuyaondoa maji ya mvua, na paa lenye upenu wa kutosha. Mwenye fedha kidogo achimbe mtaro mwaka huu, na saruji ingoje.

Ndani, mawe au kifusi kigumu kishindiliwe hadi kisichezecheze, kitandazwe mchanga mwembamba, kisha karatasi nene ya nailoni. Juu yake zege la sentimita 10. Chumba cha mita 3 kwa 4 huhitaji mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50. Kwa kila mfuko mmoja, madebe 3 na nusu ya mchanga na madebe 7 ya kokoto, debe likiwa la lita 20. Kupima kwa koleo ni kubahatisha. Mchanga ukifikichwa ukaacha matope kiganjani, haufai. Maji nayo yasizidi: zege jepesi kama uji humfurahisha mchanganyaji, lakini likikauka hupasuka na kutoa vumbi. Humwagwa kuanzia kona ya mbali kuelekea mlangoni, chumba kizima kwa siku moja. Mtu asilikanyage kwa miguu mitupu, maana saruji mbichi huunguza ngozi, na maumivu huja wakati kidonda kimekwisha kuwapo.

Kinachobaki ni subira, na hapo ndipo likizo fupi huharibu kazi. Zege halikauki tu kama nguo. Hugumu kwa kunywa maji. Lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7, na familia ilale kwingine, ijapokuwa kwa jirani. Mwenye likizo ya siku 14 azigawe hivi: 5 za mtaro na kifusi, 1 ya kumwaga, 7 za kulowesha. Siku ya mwisho arudishe vitanda, asiviburute.